Kitufe cha Acha

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi: neno likitoka kwenye skrini, je, litafika kwa roboti likiwa lile lile?

Nililigeuza kila upande. Lililala nami, likaamka kabla yangu, likakaa nami mezani mbele ya ugali na sombe mpaka mama akaniuliza kama chakula kina kasoro. Mimi ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nikituma ujumbe, naufungua tena niusome kana kwamba ameniandikia mtu mwingine. Chuoni Lubumbashi nilikuwa wa mwisho kutoka kwenye chumba cha mtihani, si kwa kukosa jibu bali kwa kulihoji jibu nililokwisha kuliandika. Wenzangu walicheka sana. Lakini kazi ya umeme inawapenda watu wenye mashaka, na tabia hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko ilivyonichelewesha.

Niliporudi Kasongo na diploma ya umeme wa viwanda, watu waliniuliza kwa upole nitafanya nini na umeme wa viwanda katika mji usio na viwanda. Kilikuwepo kimoja. Kilikuwa kiwanda cha sabuni, nyuma kidogo ya soko, mali ya mama mfanyabiashara ambaye sote tulimwita Patroni. Alianza kwa kuuza mawese kwa kopo, na sasa mawese yalimfuata mwenyewe: kila wiki pikipiki ziliingia kutoka upande wa Wamaza, vidumu vya manjano vimefungwa pande zote hata dereva huoni ameketi wapi.

Sabuni inataka mafuta, maji na soda kali. Mafuta na maji hayana ubaya. Soda ndiyo yenye hasira. Ni chembe nyeupe, unaweza kudhani ni chumvi, lakini ukiimwaga ndani ya maji, maji yanachemka bila moto na kuruka. Ndiyo maana huwezi kuimwaga yote kwa pamoja. Mtu mmoja alishika mfuko wa turubai, mdomo wake ukiwa chini juu ya pipa, ameubana kwa vidole. Mwenzake alisimama pembeni akitazama maji. Maji yakitulia alisema, "Acha!" na yule wa mfuko alilegeza vidole, soda ikashuka kidogo. Maji yakianza kunguruma alisema, "Shika!" na vidole vikabana. Acha, shika, acha, shika, asubuhi nzima. Ukipita barabarani ungeweza kudhani wanafundisha ngoma.

Aliyeushika mfuko huo kwa miaka mingi alikuwa mama wa soda, kama tulivyomwita, Mubangubangu kutoka Kabambare, rika la mama yangu. Mikono yake, kuanzia kiwiko kushuka chini, ilikuwa na mabaka laini yanayong'aa, kama karatasi iliyolowa ikakauka. Mwenzake wa kwanza aliacha kazi baada ya soda kumrukia jichoni. Baada ya hapo Patroni hakuwa na amani. Alijaribu miwani, ikaingia ukungu wa mvuke. Alijaribu mti mrefu wenye ndoano, mfuko ukayumba. Mwishowe alisafiri, na aliporudi, lori lilimfuata likiwa limebeba mkono wa chuma wenye viungo sita, uliotumika zamani katika kiwanda kilichofungwa huko kusini. Roboti.

Mji mzima ulikuja kuitazama. Papa wa jenereta, fundi wa mashine zote za kiwanda na bingwa wa maneno yote ya mtaa, aliizunguka mara kadhaa akiwa ameweka mikono mgongoni.

"Patroni," alisema, "umeleta mukono. Mutu mwenyewe iko wapi?"

Mtu mwenyewe, ilionekana, nilikuwa mimi.

Roboti haikuja na skrini yake. Patroni alikuwa amenunua skrini ya kugusa kwa mtu mwingine kabisa. Iling'olewa kwenye mashine ya kufungia biskuti, pamoja na kibati chake na vitufe vyake vya pembeni. Aliona vyote ni vya umeme, basi vitaelewana. Nilipochomeka kebo, kweli, taa za kijani ziliwaka pande zote mbili. Soketi ile ile, waya ule ule. Watu wakapiga makofi. Na hakuna kilichotokea.

Vitu hivyo viwili vilikuwa vimefundishwa itifaki tofauti, yaani taratibu tofauti za kuzungumza. Roboti ilitaka mazungumzo yasiyokatika: kila ukipepesa kope iletewe hali ya vitufe vyote, hata kama hakuna kilichobadilika, kama mwalimu anayeita majina darasani bila kupumzika. Skrini haikuzoea hivyo. Yenyewe ilikuwa kama mtu wa posta, inaandika namba, inaiweka kwenye sanduku, inaondoka. Mmoja anangoja kuitikiwa, mwingine ameacha barua mlangoni na kwenda zake.

Dawa yake ipo, na mafundi wetu huiita pasereli. Ni kisanduku kidogo cha kuweka katikati, kinachopokea kwa lugha moja na kutoa kwa nyingine. Mimi nilikiita mkalimani. Kilikuja kutoka Goma, kwanza kwa ndege, kisha kwa pikipiki, kimefungwa ndani ya koti la mtu dhidi ya mvua. Nilikisoma kitabu chake cha maelekezo kwenye simu mpaka nikakijua kama katekisimu.

Siku ya kwanza ya kukijaribu, nilibonyeza kitufe ambacho kilipaswa kupeleka namba moja. Roboti ilipokea mia mbili hamsini na sita. Nilibonyeza tena. Mia mbili hamsini na sita. Mtu mwingine angekasirika, mimi nilifurahi. Namba iliyoharibika kwa bahati mbaya hubadilika badilika, lakini namba inayokosewa vile vile kila mara ina sababu. Namba ile ilisafiri ndani ya vyumba viwili vilivyoshikana, na roboti ilikuwa inaanza kusoma chumba ambacho skrini iliona ndicho cha mwisho.

Papa wa jenereta alitaka kuelezwa. Yeye alisoma madrasa utotoni, kisha shule ya mapadri, kwa hiyo nilimwambia: "Papa, huyu anasoma kutoka kuume, huyu kutoka kushoto."

Alinyoosha kidole kwenye roboti, kisha kwenye skrini. "Basi mukono ni Mwislamu na kioo ni Mukristo."

"Kama hivyo."

"Si mwambo huo, si shida. Hapa Kasongo wanaishi nyumba moja, wanagawana mpaka ufito wa paa."

Nilimwagiza mkalimani avigeuze vile vyumba viwili, na moja ikafika ikiwa moja. Niliona raha isiyoelezeka. Nilijua sasa kwamba naweza. Wasiwasi wangu haukuondoka, ila ulipata kiti chake pembeni, ukakaa kama mgeni anayejua nafasi yake.

Ikabaki kuandika maneno kwenye skrini. Skrini ya biskuti ilikuja na maneno ya Kifaransa, na mama wa soda hakusoma Kifaransa. Nilitaka maneno yatoke kwa watu wa kazi wenyewe, nikawauliza wote, tukiwa tumesimama karibu na pipa: tuandike nini pale vidole vya roboti vinapofunguka, na pale vinapobana?

Walinitazama kama mtu aliyeuliza jina la jua.

"Acha na Shika," alisema mama wa soda. "Mengine ya nini?"

Hakuna aliyepinga, nami sikupinga. Nikayaandika kwa herufi kubwa. ACHA ya kijani, SHIKA ya manjano, na chini yake kitufe cha kuuzungusha mkono kutoka kwenye meza ya mfuko hadi juu ya pipa. Kusimamisha mashine kulibaki kwenye swichi kubwa ya kabati la roboti, nyuma ya ukuta, mbali na mvuke.

Tulijaribu kwa mchanga. Mfuko wa turubai ulitundikwa kwenye kifundo cha roboti, vidole viwili vya chuma vikaubana mdomo. Mama wa soda alisimama mbele ya skrini, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri kama mtu anayekwenda misa. Alibonyeza. Mkono ukazunguka taratibu, ukasimama juu ya pipa. ACHA. Mchanga ukashuka. SHIKA. Ukakatika. Alicheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya msichana.

"Papa," aliniambia, kwa maana mama wa kwetu akimpenda kijana humwita papa, "ona, hata kidole changu hakijui kama ni kazi!"

Aliendelea, akapata mwendo wake. Patroni alisimama mlangoni pa ofisi yake, ameridhika. Pipa la maji halisi lilikuwa limekwisha kupimwa, na mfuko wa kwanza wa soda ulikuwa umefunguliwa. Soda ikifunguliwa hunyonya unyevu wa hewa na kugeuka uji, kwa hiyo haingoji.

Ndipo Papa wa jenereta alipotaka kuona mchanga uliokwisha kushuka. Mkono ulikuwa umerudi mezani, kwa hiyo aliinama juu ya pipa, akachungulia ndani, akisema jambo kuhusu mchanga. Mama wa soda, macho yake yakiwa kwenye skrini, alikuwa amebonyeza cha kuzungusha. Mkono ukaja na mfuko wake, kimya, kwa upole kabisa, hadi juu ya kichwa cha yule mzee.

Mama akainua macho. Akapiga kelele, "Acha!" Na kidole chake, kwa akili yake chenyewe, kikaenda kwenye kile alichokisema. ACHA.

Vidole vikafunguka. Mchanga wote ulimshukia Papa wa jenereta, kichwani, shingoni, ndani ya shati.

Alisimama amekuwa rangi moja kuanzia kofia hadi viatu. Akatema. Akajipangusa macho.

"Injeniere," alisema, "njo nimezikwa tayari? Hata dua hamukungoja?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata Patroni. Mama wa soda peke yake hakucheka. Aliangalia mikono yake, kisha akaangalia mfuko mweupe wa soda uliokuwa umefunguliwa kwenye kona, na mimi nikaangalia alikoangalia.

Roboti ilifanya ilivyoambiwa. Mkalimani alifikisha neno bila kosa. Skrini ilikuwa sahihi, na mama pia alikuwa sahihi, maana hakuna mtu wa kwetu ambaye, akiona mwenzake anakaribia hatari, atasema neno jingine. Mtoto akisogelea moto, acha. Mbwa akirukia mgeni, acha. Kazini, moyo ukiwa umetulia, acha ni legeza vidole. Moyo ukishtuka, acha ni usifanye. Neno moja lenye vyumba viwili, na woga unaanza kulisoma kutoka upande wa pili.

"Badilisha neno," alisema Patroni, aliyeacha kucheka alipoona sura yangu. "Si kazi kubwa. Andika lingine, tuanze. Soda itakufa."

"Tuandike nini, mama?" nilimuuliza mama wa soda.

"Mwanga," alisema. Kwao kumwaga ni kumwanga.

"Hapana!" alisema Papa wa jenereta, akikung'uta sikio. "Mwanga ni kazi yangu. Mutu akitaka mwanga anakuja kwa jenereta."

"Wee nyamaza, muzimu wa muchanga."

Niliandika MWANGA. Lilikuwa neno fupi, likaenea kwenye kitufe. Kisha Patroni akasema niongeze kitufe cha SIMAMA, chekundu, kwenye skrini hiyo hiyo, na hapo yale mashaka yangu ya siku zote yakainuka kutoka kwenye kiti chake.

Niliongeza kitufe. Kilifanya kazi. Nikakijaribu tena na tena, na kila mara mkono ulisimama. Mtu mwenye akili timamu angeridhika. Mimi nilimwomba mama auzungushe mkono, na ulipokuwa njiani nikaing'oa kebo ya skrini, kisha nikamwambia abonyeze SIMAMA. Alibonyeza. Mkono uliendelea hadi juu ya pipa kana kwamba hakuna mtu nyumbani.

Nilielewa kwa nini. Roboti ilitaka kusikia sauti bila kukatika, na mkalimani, kwa adabu yake, hakutaka kuiangusha. Skrini iliponyamaza, alirudia neno la mwisho alilolisikia. Zunguka, zunguka, zunguka. Alikuwa akimsemea mtu aliyekwisha kukatwa ulimi. Iko namna ya kumwagiza anyamaze pia mwenzake akinyamaza, na nikamwagiza papo hapo, na ikafanya kazi. Lakini jibu la lile swali langu la usingizi lilikuwa limekuja lote, nalo halikuwa nililolitarajia. Neno litafika. Naweza kulifikisha. Ila neno la kuokoa mtu halipaswi kusafiri kabisa. Halipaswi kupita kwenye kioo, wala kwa mkalimani, wala kwenye kamusi yangu, hata kama kamusi hiyo ni nzuri.

Nilimweleza Patroni kwamba nahitaji waya wa peke yake, kutoka hapa anaposimama mama hadi kwenye kabati la roboti. Umeme utembee ndani yake muda wote, na maana yake iwe moja tu: endelea. Mama akipiga kitufe, waya unakatika, mkono unasimama. Panya akiutafuna, mkono unasimama. Mimi nikikosea jambo lolote kwenye skrini, waya hausomi skrini.

"Waya huo iko nao?"

"Hapana. Uliobaki ni mfupi."

"Basi utaununua, utaufunga ukifika. Leo tufanye na hiki cha kioo. Umesema kinafanya kazi."

"Kinafanya kazi, mama. Lakini siwezi kukisimamia."

Patroni alitazama vidumu, kisha mfuko wa soda. Hakuwa mtu mbaya, na lori lile la roboti lilikuwa limeletwa na jicho la mtu mwingine. Ila mafuta yalikuwa yamepangwa hadi dirishani na soda ilikuwa wazi.

"Sawa," alisema. "Kama mukono wako unaogopa, basi tutarudi kwa mukono wa zamani. Mama, chukua mufuko."

Na mama wa soda akaanza kukunja mikono ya blauzi yake.

Hapo ndipo kufikiri sana kunapoweza kumfanya mtu awe jiwe. Nilikuwa na njia mbili tu mbele yangu na zote zilipita kwake. Nikikubali skrini, anasimama karibu na mashine ambayo ninaiamini nusu tu. Nikikataa, anashika mfuko kwa vidole vyake, leo hii, kwa sababu yangu. Niliona mabaka yake yakitokea kadiri kitambaa kilivyopanda. Nikatafuta njia ya tatu kichwani, nikapima, nikahoji, nikapima tena. Papa wa jenereta alikuwa bado anakung'uta mchanga kwenye kola yake. Juu ya kichwa cha Patroni, ndani ya ofisi, feni ilikuwa inazunguka.

Feni hiyo ililetewa umeme na waya mzuri, wa shaba, uliopita juu ya dari kutoka kwenye chumba cha jenereta. Nilijua urefu wake kwa sababu niliufunga mimi.

"Mama, usichukue mfuko," nilisema. "Leo hakuna anayemwaga, si chuma wala mtu, mpaka nitakapomaliza. Soda ifungwe tena mdomo kwa nailoni. Haitakufa."

"Ni nani anasema?" aliuliza Patroni.

"Mimi."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Haikuwa kubwa. Sikungoja kuihoji.

"Papa, zima feni ya ofisi."

"Ya Patroni?" Alimtazama Patroni, akanitazama mimi, akacheka kimoyomoyo, kisha akaenda. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Niliingia ofisini, nikavua viatu, nikapanda juu ya meza ya Patroni, kati ya kikokotoo chake na chupa ya chai. Alisimama pale pale mlangoni. "Mwana yangu," alisema, "joto la leo unalijua?" Lakini hakuniambia nishuke, na nilipoanza kuuvuta waya kutoka darini, alisogeza chupa ya chai ili nisiipige teke.

Kitufe kilikuwepo, kile chekundu chenye kichwa cha uyoga kilichokuja kwenye kibati cha skrini, na ambacho mpaka siku hiyo hatukukipa kazi. Nilikifunga kwenye nguzo, upande wa mkono wa kulia wa mama, mahali ambapo kiganja kinaweza kukifikia bila macho. Nikaupitisha waya nyuma ya ukuta, nikaufunga kwenye kabati, kwenye pini ambazo roboti imetengewa kwa kazi hiyo na si nyingine. Hatukuandika neno lolote juu yake. Mama aliniuliza kinaitwaje, nikamwambia hakina jina, akipige tu.

Tulirudisha mchanga mfukoni. Aliuzungusha mkono. Ulipofika nusu ya njia, Papa wa jenereta, safari hii akiwa mbali, alipiga ukelele wa mtu anayeungua. Mama akashtuka, akapiga kelele, "Acha!" na kiganja chake kikatua kwenye uyoga. Mkono uliganda hewani. Vidole vilibaki vimebana. Hakuna hata punje iliyoanguka.

Nilichukua koleo, nikakata waya wenyewe mkono ukiwa njiani. Uliganda vile vile. Nikauunga tena, nikazungushia tepu, nikaukagua, nikaukagua tena. Kisha nikachana ile nailoni kwenye mdomo wa soda, nikampa mama miwani, nikachora mstari sakafuni, nikawaambia wengine wote warudi nyuma yake, na Patroni pia.

"Mama," nilisema, "mwanga."